Laptopu tatu kabatini: nizirudishe kwa watengenezaji au kuna njia nyingine?

mshumaa_mmoja

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa mawazo. Nina laptopu tatu kabatini, za kampuni tatu tofauti, na nimechoka kuzihamisha kila nikifanya usafi. Nimesikia watengenezaji wenyewe wanapokea mashine kuukuu, unaingia kwenye tovuti yao unajaza fomu, wanakutumia mtu wa kuichukua au unaipeleka mwenyewe, na wanasema ni bure. Nataka kusikia kwa aliyewahi kufanya kwa mkono wake.

Ya kwanza ni ya marehemu mama. Haiwaki kabisa, ukibonyeza pawa hata taa haiji. Humo ndani kuna picha zake na sauti alizokuwa anajirekodi akiwasimulia wajukuu hadithi, alikuwa anakaa nayo mapajani jioni anaongea nayo taratibu kama yupo na mtu. Siwezi kuitoa hivi hivi, na kuendelea kuikalia nako siwezi, mwaka wa pili sasa. Ya pili ndo niliyokuwa nafanyia kazi, ilianza kitufe cha kulia cha tachipedi kugoma kubonyezeka nikadhani uchafu, sasa hivi ukiiweka mezani inayumba haitulii, kama vile tumbo la chini limejaa. Ya tatu ni nzima ila inaniambia haiwezi kupanda Windows 11, na Windows 10 ndo hiyo Microsoft wameacha kuipa masasisho ya usalama ya bure tangu Oktoba 14, 2025.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni zinakoishia. Niliwahi kumpa printa mkusanyaji mmoja aliyejitangaza anachakata taka za umeme, akaipokea kwa maneno mazuri, wiki chache mbele naikuta kwenye jalala kando ya njia imepasuliwa. Niliijua kwa stika ya kipepeo aliyoibandika mwanangu ubavuni. Iliniuma kwa kweli. Kwaiyo hata hawa wenye majina makubwa nataka nijue kabla sijawakabidhi kitu cha mama.

---

kalamu_ya_risasi

Ndugu yangu, pole kwa mama. Kabla ya yote hiyo ya pili ITOE KABATINI LEO. Hiyo sio uchafu wa tachipedi, hiyo ni betri imevimba. Betri za lithiamu zikizeeka au zikipata joto sana kimiminika cha ndani kinavunjika kinatoa gesi, gesi haina pa kutokea kwa sababu mfuko umezibwa, bas inasukuma juu inainua tachipedi na inasukuma chini inatoa mfuniko, ndo maana mezani haitulii.

Usiichaji tena hata kidogo, usiiwashe ati unahamisha mafaili mara moja, usiibonyeze ikae sawa, na ukisikia mtu anasema itoboe kwa sindano gesi itoke mkimbie huyo mtu. Ikitobolewa inaweza kuwaka pale pale, na moshi wake ni sumu. Iweke mahali penye hewa mbali na nguo na karatasi, juu ya sakafu ya saruji au kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, alafu ndo uanze kutafuta wa kuipokea.

Na hapa ndo watu wengi wanakosea: usijaze ile fomu ya kawaida ya kutuma kwa kuria. Betri iliyovimba au iliyoharibika hairuhusiwi kusafirishwa kama mzigo wa kawaida, na kwa ndege ndo marufuku kabisa. Wapigie simu kwanza au waandikie, uwaambie wazi "betri imevimba", watakwambia uipeleke wapi kwa mkono. Ukificha unamhatarisha dereva wa watu ambaye hajui amebeba nini.

---

mshumaa_mmoja

Mungu wangu, ilikuwa imekaa chini ya mablanketi. Nimeshaitoa, ipo nje kwenye ndoo. Asante sana mkuu, sikuwa na habari kabisa.

---

njiwa_wa_alfajiri

Mimi nimerudisha mara mbili, kwa kampuni mbili tofauti, nakuelezea ilivyokuwa.

Kwanza kweli wanapokea, na ikiwa imekufa pia wanapokea, haihitaji iwake. Dell, HP, Lenovo, Apple, Acer, ASUS wote wana mpango wa namna hiyo, ila mpango haufanani nchi kwa nchi, kwaiyo ukifika kwenye tovuti hakikisha umechagua nchi yako maana watu wanasoma masharti ya nchi nyingine wanakuja kulalamika. Sehemu nyingine wanakutumia lebo ya posta iliyolipiwa unaibandika kwenye boksi, sehemu nyingine wanakuja kuchukua mlangoni, sehemu nyingine wana vituo tu vya kupeleka. Ukiona nchi yako haimo kwenye orodha usikate tamaa, waandikie huduma kwa wateja uwaulize ni mchakataji gani wanafanya naye kazi karibu nawe.

Utaombwa modeli na namba ya seriali, zipo kwenye kastika ka chini, piga picha kabla hakajafutika. Kama mashine bado ina thamani wataiita ya kubadilishana, wanakupa kiasi fulani cha kupunguza bei ukinunua mpya, na kama haina thamani inaenda moja kwa moja kuchakatwa bila malipo. Usishangae wakikadiria chini kuliko ulivyotegemea.

Sasa soma hiki kipengele polepole, mimi mara ya kwanza sikukisoma nikaja kulia. Karibu wote wameandika kwamba data ni jukumu lako mwenyewe, na kwamba ukishatuma hawarudishi mashine wala diski wala chochote kilichosahaulika ndani. Nilisahau kadi ya memori kwenye tundu la ubavuni, yenye picha za harusi ya dada yangu. Nilipiga simu siku ya pili tu baada ya boksi kuondoka, yule dada wa huduma alinisikiliza kwa upole kabisa akaniambia hawawezi kuitafuta, mashine zinaingia kwa mamia kwenye makontena. Kwaiyo ya mama yako isiondoke mpaka umepata kila kitu, na kagua matundu yote, la kadi, la laini ya simu, la diski ya CD kama lipo.

---

fundi_bisibisi

Naongezea hapo kwa njiwa. Mimi nafungua hizi mashine kila siku. Mshumaa, laptopu kutowaka haimaanishi diski imekufa. Mara nyingi kinachokufa ni chaja, tundu la chaja, au sakiti ya pawa kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani, diski imelala salama salimini pembeni haijui kinachoendelea. Ya mama ni ya miaka gani? Ina mlango wa CD?

---

mshumaa_mmoja

Ndio ina mlango wa CD, nene, nzito, kama ya 2011 au 2012 hivi.

---

fundi_bisibisi

Safi sana, hizo ndo rahisi kuliko zote. Ing'oe betri kwanza, za miaka ile nyingi zinatoka kwa kusukuma vile vilatchi viwili vya chini. Alafu tafuta kifuniko kidogo chenye skrubu moja au mbili, kina kaalama kama kapipa, ukifungua utaona kitu cha bati upana wa sentimita 7 urefu 10 hivi, hiyo ndo hadi diski (hard disk). Inachomoka kwa kuivuta pembeni taratibu, usiipindishe. Tafuta kebo ya SATA kwenda USB, unachomeka kwenye kompyuta nyingine inatokea kama flashi kubwa. Nakili picha na zile sauti sehemu mbili tofauti, sio moja, na fungua chache usikilize kabla hujasema umemaliza.

Ukichomeka ukasikia tik tik tik tik hiyo ni shida, chomoa papo hapo usijaribu jaribu, kila ukiiwasha inaweza kuwa inajikwaruza, mpelekee mtu wa kuokoa data.

Kwa wengine mnaosoma wenye mashine mpya zaidi, habari ni tofauti. Laptopu nyingi za Windows za siku hizi zinajifungia data zenyewe kwa usimbaji, ukiitoa diski ukaichomeka kwingine itadai ufunguo wa tarakimu 48, na huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, utafuteni mapema sio siku mashine imekufa. Na Mac zenye chipu za Apple hifadhi imefungamana na chipu ya ndani, huwezi kuitoa ukaisoma kwingine, ikifa bila bakapu ndo imetoka.

Kuhusu kufuta. Kudelete na kumwaga pipa la taka sio kufuta, ni kung'oa jedwali la yaliyomo, kurasa zenyewe bado zipo. Hadi diski ya sahani zinazozunguka ukiiandika juu yake yote mara moja inatosha, zile hadithi za mara 7 mara 35 ni za enzi za diski za kale. SSD, zile diski za chipu zisizo na sahani, ni mnyama mwingine, yenyewe inahamisha hamisha data ili chipu zisichakae upande mmoja, kwaiyo unaweza ukaandika juu na bado kipande kimebaki mahali usipopaona. Kwa SSD tumia programu ya mtengenezaji wa diski yenye amri ya kufuta yote, au iwe imesimbwa tangu mwanzo alafu unafuta ufunguo. Kwenye Windows ile sehemu ya kurisiti (reset) kuna chaguo la kusafisha diski kabisa, liwasheni, lenyewe halijawashwa. Kwenye Mac mpya kuna chaguo la kufuta maudhui na mipangilio yote, tena hakikisheni mmejitoa kwenye Find My, ile huduma ya Apple ya kutafuta kifaa kilichopotea, maana isipotolewa mashine inabaki imefungwa hata aliyeipokea akitaka kuitengeneza itumike tena hawezi, inasagwa ikiwa nzima. Paswedi ya BIOS, ile inayoulizwa mashine ikiwaka kabla hata ya Windows, nayo toeni. Nimeona mashine nzuri kabisa zinaenda kwenye shoka kwa sababu ya paswedi ambayo mwenyewe angeitoa kwa dakika moja.

Na wale wa nyundo na drili: diski nyingi ndogo za laptopu zina sahani za kioo, zinapasuka vipande vidogo vidogo kama chupa, vaeni miwani. SSD nayo ukiitoboa pembeni ukaikosa chipu hujafanya kitu.

---

nyuki_mweusi

Mi naona mnakimbilia kuchakata haraka mno. Hiyo ya tatu mashine NZIMA, kwanini ikasagwe? Sehemu kubwa ya uchafuzi wa laptopu unatokea ikitengenezwa, kuanzia migodini mpaka kiwandani, umeme utakaoutumia wewe miaka yote ni kidogo ukilinganisha. Kuisaga ili upate shaba na dhahabu kidogo ni kupoteza kazi yote ya kutengeneza chipu, chipu hairudi kuwa chipu. Weka Linux Mint, ni mfumo unaokaa badala ya Windows, ni bure, unaichoma kwenye flashi unaijaribu bila hata kufuta kilichopo, ikikupendeza ndo unaiweka moja kwa moja. Kama matumizi ni kivinjari tu hata ChromeOS Flex, mfumo wa Google, inafaa. Ukibadilisha na hadi diski ukaweka SSD hutaamini ni mashine ile ile. Mpe mtoto ajifunzie kuandika.

Hii mipango ya watengenezaji mi naiunga mkono kwa mashine iliyokufa kweli, ila ile ya "leta ya zamani uchukue mpya" inanipa shaka, mwisho wa siku wanauza mpya.

---

mtunza_vyuma

Nyuki upo sahihi kwa hiyo ya tatu, na nasema hivyo nikiwa nafanya kazi kwenye uchakataji. Tunaumia kuona vitu vizima. Ila naomba niongeze neno kwa anayesema "nitaitunza ipo siku itatumika", kabatini sio kuitunza. Betri inaendelea kuzeeka hata ikiwa imezimwa, umeona hiyo ya ndugu yetu, na kila mwaka unaopita mashine inazidi kukosa mtu wa kuitaka. Kama itatumika itumike sasa hivi.

Mshumaa umeuliza zinakoishia, nikujibu ninachokiona kila siku. Mzigo ukifika kituo cha kweli cha kwanza ni kupima uzito na kurekodi, alafu zinachambuliwa zinazoweza kutengenezwa na zisizoweza. Zisizoweza zinafunguliwa kwa mkono, betri zinatoka kwanza kwa sababu betri ikiingia kwenye mashine ya kusaga ni moto, tumeshazima moto mwingi wa namna hiyo, na mwingi ulitokana na mtu aliyetupa kifaa kwenye taka za kawaida bila kusema. Kioo cha laptopu za zamani sana kina vitaa vyembamba kama mrija vyenye zebaki, hivyo navyo vinatolewa kwa mkono, ukivivunja unavuta hewa yake. Za 2011 kwenda mbele, kama ya mama, nyingi ni LED, hazina. Alafu ndo bodi zinatengwa, mabaki yanasagwa, sumaku inavuta chuma, aluminiamu inarushwa pembeni kwa mtambo wake, plastiki upande wake. Bodi haziyeyushwi pale, zinasafirishwa kwenda kwenye matanuru makubwa, kuna la Umicore kule Hoboken Ubelgiji na la Boliden kule Rönnskär Uswidi, wanatoa shaba, dhahabu, fedha, paladiamu. Tani moja ya bodi za kompyuta ina dhahabu kuzidi kwa mbali tani moja ya mawe ya mgodini.

Sio kila kitu kinarudi lakini, nisikudanganye. Plastiki zenye dawa za kuzuia moto ni shida, na yale madini adimu yaliyomo kwenye sumaku za diski na spika karibu yote yanapotea. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme, na zilizorekodiwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo ni asilimia 22.3 tu. Hizo nyingine ndo kama printa yako.

Sasa utamjuaje wa kweli. Muulize ana cheti cha R2 au e-Stewards, hivyo vyeti vinakaguliwa na watu wa nje, na majina ya wenye navyo yapo wazi mtandaoni unaweza kutafuta mwenyewe, usikubali picha ya nembo ukutani. Muulize betri zinaenda wapi na bodi zinaenda wapi. Anayechakata kweli atakujibu bila kutafuta maneno, tena atafurahi kuulizwa. Anayejibu "tunashughulikia sisi" bas chukua mzigo wako uondoke. Mtengenezaji naye muulize hivyo hivyo, wengi wanaweka orodha ya wachakataji wao kwenye tovuti. Tangu Januari 1, 2025 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa taka zinazovuka mipaka, unataka taka zote za umeme zinazovuka mpaka, hata zisizo za sumu, zipate kwanza idhini ya maandishi ya nchi inayopokea, kwaiyo mwenye kusafirisha lazima awe na makaratasi. Na angalia chini ya laptopu yako, kuna kapicha ka pipa la taka lenye magurudumu limekatwa X. Kale kanamaanisha kifaa hiki hakiingii kwenye taka za kawaida, kapo kwenye karibu kila mashine na watu wanakapita kila siku.

---

njiwa_wa_alfajiri

Kale kapipa mi nilidhani kanakataza kuiweka karibu na taka 🙏🏾 asante kwa maelezo. Swali moja mtunza vyuma, laptopu ya kampuni moja unaweza kuipeleka kwa kampuni nyingine?

---

mtunza_vyuma

Baadhi wanapokea chapa yoyote, wengine yao tu, wengine yoyote mradi unanunua mpya kwao. Kwenye Umoja wa Ulaya sheria inamlazimisha muuzaji kupokea cha zamani bure ukinunua kipya cha aina hiyo, chapa yoyote. Kwingine inategemea, ulizia kabla hujabeba.

---

fundi_bisibisi

Mshumaa umefikia wapi na ya mama?

---

mshumaa_mmoja

Wakuu nimerudi. Ile iliyovimba niliwapigia, yule kijana wa simu nilipomwambia tu tachipedi imeinuka akanikatisha akaniuliza ipo wapi sasa hivi na kama kuna mtoto karibu, nikamwambia ipo kwenye mchanga. Wamenielekeza kituo kinachopokea betri zilizoharibika, nimeipeleka mwenyewe na ndoo yake, wakanipa karatasi ya kuipokea yenye namba ya seriali. Niliwauliza bodi zinaenda wapi, akanijibu pale pale.

Ya tatu ina Mint toka jana, inafunguka haraka kuliko ilivyowahi.

Ya mama ilikuwa skrubu mbili kama ulivyosema fundi. Diski ilikuwa na vumbi jembamba juu yake na nilikuwa naogopa hata kuishika, nikaichomeka ikatulia kimya sekunde kadhaa alafu folda zikaanza kutokea moja moja. Ameziandika kwa majina ya watoto, kila mjukuu na folda yake. Za mwanangu ni hadithi kumi na moja, nyingine anakatisha katikati anakohoa anasema "subiri kidogo mjukuu wangu" alafu anaendelea. Tumezinakili sehemu tatu. Mwanangu kasikiliza ya kwanza mara nne, kaniuliza kama bibi alikuwa anajua kwamba yeye atazisikia.

Diski nimeamua nibaki nayo. Ganda lake nimeshajaza fomu, kadi na CD nimekagua, ndani ya mlango wa CD kulikuwa na sahani moja ya nyimbo zake. Wanakuja kulichukua Jumatano.